Mtu wa Chini Haangalii Juu

Rodgers Mwakio amekuwa mlinzi wa makumbusho kwa miaka sita sasa, na kama kuna mtu Brussels nzima anayekaa kwenye kiti kwa raha kuliko yeye, bado hajaonekana. Kiti chenyewe ni cha mbao, hakina hata mto. Lakini mtu aliyesimama miaka ishirini na mitano akiwa na watu watatu, wanne, wakati mwingine sita mabegani, akipewa kiti anajua amepewa nini. Wenzake wakilalamika kwamba kukaa chumbani na picha tangu asubuhi hadi jioni kunachosha, Rodgers hucheka mpaka tumbo likacheza, akaivuta suruali kwenye goti la kulia, lile bovu, akakaa vizuri zaidi.

Alizaliwa Wundanyi, milimani kwa Wataita, akashuka Mombasa kutafuta kazi bandarini, akakosa. Alichopata ni ukumbi mmoja huko Tononoka ambamo vijana walikuwa wakirukaruka juu ya magodoro yaliyochakaa. Mkufunzi alimtazama shingo, akamgeuza kama anayenunua mbuzi, akasema: “Huyu chini.” Basi. Kwa maneno hayo mawili maisha yake yakapangwa. Kwenye mnara wa watu kuna wa juu, kuna wa katikati, na kuna wa chini. Rodgers alikuwa wa chini katika hoteli za Diani, akawa wa chini Nairobi, na mwaka 1994 akaja na wenzake sita kuwa wa chini Ubelgiji, katika hema la sarakasi lililozunguka Namur, Liège na vijimji ambavyo hata Wabelgiji wenyewe huulizana viko wapi.

Sheria ya kazi hiyo ni moja, na mkufunzi aliwaimbisha kama wimbo wa chekechea: mtu wa chini haangalii juu. Ukiinua macho, kidevu kinafuata. Kidevu kikifuata, shingo inalegea. Shingo ikilegea, aliye juu anaondoka, na anakokwenda ni sakafuni. Kwa hiyo unachagua doa moja mbele yako, usawa wa macho, msumari au taa au herufi kwenye bango, unaling'ang'ania mpaka wenzako washuke. Na doa lisiwe na miguu, maana chenye miguu huondoka.

Rodgers aliivunja sehemu hiyo ya mwisho mara moja tu. Kwa miaka mitatu doa lake lilikuwa paji la uso la Duchesse, farasi mweupe mzee aliyekuwa akisubiri zamu yake kwenye mlango wa hema. Duchesse alikuwa na miguu minne kamili, lakini mnara ukisimama hakuusogeza hata mmoja. Wakati wa baridi kali Rodgers alikuwa akila chakula chake cha mchana amemwegemea ubavuni, na mpaka leo akimtaja humtaja kwa heshima ile ile anayowapa marehemu wa ukoo.

Matokeo ya sheria ile ni haya: amebeba minara labda elfu tano, na hajauona hata mmoja. Watu walipiga makofi, yeye akaona msumari.

Msimu huu wa kuchipua, makumbusho anayoyalinda, nyumba ndogo ya orofa mbili huko Saint-Josse, nyuma ya duka la Mturuki auzaye mapazia, yalileta maonyesho ya picha za sarakasi. Zilikuwa kazi za wachoraji wa Ufaransa wa mwisho wa karne ya kumi na tisa, zama ambazo Paris nzima ilikuwa ikijazana chini ya taa za gesi kutazama farasi wakizunguka. Kulikuwa na wanawake wenye sketi nyepesi waliosimama juu ya migongo ya farasi, bwana mwenye mjeledi na masharubu, nyani aliyevishwa koti, mchekeshaji mwenye uso mweupe akimfundisha mbwa kupita kwenye pete. Ajabu ni kwamba wachoraji wale walipenda kukata mambo pembeni: farasi nusu, mguu tu wa mtu, kama wanavyoona waliokaa viti vya bei nafuu.

Rodgers hakusomea sanaa, lakini wiki ya kwanza tu alikwisha kuwapanga wachoraji wote katika makundi mawili: wanaojua na wanaobabaisha. Aliangalia masikio ya farasi. Kama masikio yamegeukia bendi, huyo mchoraji alikuwapo. Farasi wa sarakasi huhesabu hatua zake kwa muziki. Kama masikio yamesimama mbele kama ya punda aliyeona majani, huyo alichora nyumbani. Akaangalia mkia wa mbwa, akaangalia vidole vya miguu vya yule bibi juu ya farasi. Wageni walimpita pale kitini bila kujua kwamba mlinzi mwenye kipara ndiye aliyekuwa akizisahihisha picha kama mwalimu wa zamu.

Picha iliyomchokoza ilikuwa namba kumi na tisa. Haikuwa na jina la mchoraji. Ilionyesha kiwanja cha maonyesho nje kidogo ya Paris: mtu mnene wa makamo, kijana kasimama mabegani mwake, na juu ya kijana msichana mdogo mwenye nguo ya njano, mikono kaikunjua. Pembeni alikuwapo farasi mweupe, masikio yake sawasawa kabisa. Lakini yule mtu wa chini alikuwa ameinua uso akimtazama msichana. Kibandiko ukutani kilisema kwamba ni baba anayemtazama binti yake kwa upendo na hofu.

“Uongo,” Rodgers alimwambia Madame Vercauteren, msimamizi wa maonyesho, mwanamke mrefu anayetembea upesi kama aliyesahau kitu jikoni. Alimwambia kwa Kifaransa chake cha hemani, ambacho nusu yake ni cha kuita farasi. “Huyu bwana hana mtu begani, Madame. Angalia mfupa huu hapa. Ukibeba watu wawili, mfupa huu unazama, na shingo inakuwa fupi. Yake ni ndefu kama ya bata. Huyu alisimamishwa chumbani peke yake, akaambiwa angalia dari. Wale wengine wamewekwa baadaye.”

Madame Vercauteren aliivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Kisha akacheka. Akamwomba Jumapili awaeleze wageni jambo hilo hilo, kwa mdomo wake mwenyewe. Jumapili hiyo palikuwa na shughuli tayari: kundi la vijana wa sarakasi lingefanya onyesho uani mara mbili, saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Kundi hilo Rodgers ndiye aliyelipigia debe, na kwa sababu nzuri. Mtu wa juu katika mnara wao alikuwa Rolande, bintiye wa pekee.

Alhamisi jioni Rolande alikuja kula kwa wazazi wake, Anderlecht, ghorofa ya nne. Mama yake, Antoinette, ni mtu wa Bukavu, anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, na sombe yake, kisamvu cha kwao, huvuta majirani mpaka kwenye lifti. Rodgers alikuwa na habari yake ya namba kumi na tisa na hakuweza kungoja sahani zijae.

“Yule mchoraji hajawahi kubeba hata gunia la viazi,” alisema. “Mtu wa chini anaangalia juu! Imagine! Mama Rolande, ningefanya hivyo siku moja tu, ungekuwa mjane.”

“Ningekuwa mujane ya muntu sikuwa nimeolewa naye bado,” alisema Antoinette. “Kula.”

Rolande alikuwa ameacha kula. “Papa, miye ule muntu namupenda.”

“Mtu gani?”

“Ule wa mu picha. Nilimuona siku ya mardi, wakati tulikuja kupima uwanja. Anaangalia mutoto yake.”

“Ndiyo maana wataanguka wote.”

“Bon, baanguke! Lakini anamuangalia.” Aliisukuma sahani kidogo. “Nilikuwa na huit ans, papa. Hema yote ilikuwa inaniangalia. Hata ile maman mwenye kuuzisha frites alikuwa anaacha mafuta ku moto, anakuja kuniangalia. Ni wewe tu. Wewe ulikuwa unaangalia farasi.”

Ni kweli Rolande alikuwa amesimama juu ya mnara wa baba yake viangazi viwili, akiwa na miaka minane na tisa, kabla hajarefuka. Baadaye aliiacha sarakasi, akasoma, akaajiriwa, na miaka miwili iliyopita akairudia kwa kuipenda tu. Na ni kweli pia kwamba mwaka jana Rodgers alikwenda kumtazama kwenye onyesho moja, akiwa amekaa mbele kabisa, na muda wote akajikuta anamkagua Aristote, kijana wa chini: magoti yake, nyayo zake, jinsi anavyopumua. Onyesho lilipokwisha alimpongeza bintiye kwa jinsi Aristote alivyosimama. Mwenye macho haambiwi tazama, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kukutana na Rodgers.

Alitaka kumweleza bintiye. Kwamba Rolande alipokuwa na miaka minane, kilo ishirini na nne, yeye alizijua kilo zile moja moja. Kwamba alijua kwa bega la kushoto kama mtoto ameamka vibaya, na kwa la kulia kama anataka kucheka. Badala yake akajiongezea sombe, kwa sababu alijua ana haki, na wakati huo huo alijua Rolande naye ana haki, na jambo hilo lilimuuma zaidi ya goti.

“Jumapili sibebi mtu,” alisema mwishowe. “Jumapili kazi yangu ni moja tu. Nitakuangalia mwanzo mpaka mwisho. Promise.”

“Tutaona,” alisema Rolande, akaivuta sahani yake.

Jumapili Rodgers alipanda metro namba tano mapema, akabadilisha Arts-Loi, akashuka Madou na koti la kazi limepigwa pasi mpaka linakata. Saa nne alizungumza mbele ya namba kumi na tisa. Watu arobaini hivi walimzunguka, na aliwaonyesha mfupa wa bega na shingo ya bata, akawaonyesha masikio ya farasi kuwa yako sawa, wakacheka, wakauliza maswali. Mzee mmoja aliuliza kama ilikuwa kazi nzito. Rodgers akamjibu kwamba kwao husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: wewe unayeutazama utauona mwepesi. Madame Vercauteren aliliandika hilo kwenye kijitabu chake.

Saa tano wakatoka uani. Rodgers alisimama mstari wa mbele, mikono nyuma, kidevu amekiandaa. Aristote, kijana wa wazazi wa Goma, kifua kama kabati, alijipanga katikati ya uwanja. Msichana wa Kiflemi akapanda mabegani mwake. Kisha Rolande, amevaa njano kwa makusudi, akapanda kama anayepanda ngazi ya nyumbani kwao.

Rodgers akaanza kuinua macho. Aliona nyayo za Rolande zikishika mabega ya mwenzake. Aliona magoti. Alikuwa amefika kwenye mkanda wa nguo wakati kitu kilipomwambia chini kuna neno. Hakukisikia wala kukiona. Kilimjia tu, kama mama anavyojua maziwa yanataka kufurika. Macho yakashuka yenyewe.

Shingo ya Aristote ilikuwa inatafuta. Kijana amezoea kufanya mazoezi kwenye ukumbi wenye saa ya ukutani, na saa ndiyo doa lake. Hapa uani ukuta ni mweupe mtupu. Basi alikuwa amechagua koti jekundu la mwanamke mmoja miongoni mwa watazamaji, na mwanamke yule, mwenye adabu zake, alikuwa amesogea kumpisha mtoto apate kuona. Doa limeota miguu. Macho ya Aristote yalikwenda kulia, yakarudi kushoto, na juu kabisa nguo ya njano ikayumba kidogo. Watu wakasema “aaa” kwa furaha, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Rodgers alichukua hatua tatu, akasimama pale koti jekundu lilipokuwa, uso kwa uso na kijana.

“Hapa,” alisema polepole. “Nitazame mimi. Pumua. Moja. Mbili.”

Macho ya Aristote yakamshika. Rodgers akayashika ya Aristote. Akawa hapepesi, hasogezi unywele, na kama angekuwa nao kichwani usingesogea. Aliona mfupa wa bega ukizama mahali pake na shingo ikawa fupi kama inavyotakiwa. Huko juu mambo yalikuwa yanaendelea, alijua kwa makofi. Rolande alikuwa amekunjua mikono, pengine alikuwa amesimama kwa mguu mmoja; bega la Aristote lilionyesha ni wa kulia. Rodgers aliyatazama macho ya kijana wa watu mpaka mwisho, na hakumwona binti yake hata ukucha.

Aliposhuka, Rolande alikuja moja kwa moja. Jasho lilikuwa linamtiririka.

“Haukuniangalia,” alisema Rolande.

“Sikukuangalia.”

Rolande alilegeza mkanda wa nguo. “Chini yangu kulikuwa kunacheza. Nilisema, bon, leo ninaanguka. Kiisha kukatulia, mara moja.” Akajipangusa shingo. “Kukatulia sawa vile kulikuwa kunatulia zamani. Nikajua: ni papa.”

“Tonton ameniokoa,” alisema Aristote nyuma yake, bado anahema. “Ule maman ya manteau rouge, mwenzangu, amenihama!”

Rolande alicheka, akampiga kofi Aristote mgongoni, akaenda kunywa maji. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomsumbua Rodgers. Angekasirika binti, angalau baba angekuwa na la kujitetea. Sasa amesamehewa, na bado hajamwona.

Mchana, watu walipokwenda kula, alirudi mbele ya namba kumi na tisa na kiti chake. Mtu mnene aliendelea kuinua uso. Shingo ilikuwa bado ya bata, mfupa bado ni uongo. Lakini Rodgers alimfikiria yule mchoraji ambaye aliwachora farasi na mbwa kwa haki namna ile, ambaye kwa hiyo alikuwapo kiwanjani, alikaa, alitazama. Mtu wa macho hayo angewezaje kukosa kuona kwamba wa chini haangalii juu? Aliona. Alimwita bwana yule chumbani siku nyingine, bila mzigo, akampa nafasi ya kumwangalia mtoto wake. Rodgers aliona haya kidogo kwa yale aliyowaambia watu arobaini.

“Uko unapatana na rafiki yako?” Antoinette alikuwa amefika kutoka soko la Gare du Midi baada ya misa, mkono mmoja mfuko wa mnanaa na mboga, mkono wa pili bakuli la chakula lililofunikwa. Binti alikwisha kumsimulia yote pale mlangoni. Alikaa kwenye benchi, akamkabidhi mumewe kijiko.

“Saa tisa itakuwa yale yale,” alisema Rodgers. “Ukuta ni mweupe. Nisiposimama mimi, yule kijana atashika nini?”

“Donc ile doa, ni lazima ikuwe muntu?”

“Hapana. Ni afadhali isiwe mtu.”

“Alors weka kitu, Papa Rolande! Miaka yote ile umebeba bantu, akili ulikuwa unamubebesha nani?”

Rodgers alimtazama mkewe, kijiko hewani. Halafu akalitazama koti lake la kazi, la bluu, vifungo vinavyong'aa. Akaanza kucheka, na kicheko kikamwagia wali mapajani.

Madame Vercauteren alitoa ruhusa mlinzi awe bila koti kwa dakika kumi, na akaleta nyundo yeye mwenyewe. Saa tisa kasorobo Rodgers alipigilia msumari kwenye ukuta wa ua, usawa wa macho ya Aristote, akalitundika koti na kulifunga vifungo vyote, akarudi nyuma, akasogeza kifungo cha juu kidogo kushoto. Aristote akajaribu kusimama mbele yake.

“Kifungo cha juu,” Rodgers alimwambia. “Hicho hakina miguu.”

Kisha akaenda upande wa pili wa ua, mbali na koti, akasimama kwa shati tupu kando ya mkewe. Mnara ukaanza. Aristote. Msichana wa Kiflemi. Macho ya Rodgers yalitaka kukaa chini, yalizoea huko, na Antoinette, anayemjua, akamtia kidole mbavuni. Akayainua. Nyayo. Magoti. Mkanda. Mabega, mikono inayofunguka upande huu na upande huu, shingo ya mama yake, kidevu cha Wataita. Mtoto wake alikuwa juu sana. Hakuwahi kujua kwamba ni juu hivyo. Alikuwa mzuri na alikuwa mbali na hakuna kitu chini yake isipokuwa watu, na Rodgers akahisi machozi yanakuja bila kuomba ruhusa, akayaacha yaje.

Ndipo Rolande, akiwa juu kabisa ya kila mtu, akainamisha uso kumtafuta, akamwona, akatabasamu.

“Rolande!” Rodgers alipiga kelele kwa Kiswahili, sauti ya Tononoka, watu mia wakashtuka. “Macho mbele!”

Rolande aliinua kidevu upesi, akiuma midomo asicheke, na mnara ukatikisika kwa kicheko chake lakini ukasimama. Rodgers hakumwondolea macho mpaka nyayo zake zote mbili zilipogusa chini.